Pale Penye Shanga Nyeupe

"Bibi, mbona hapa umeacha nafasi kubwa hivi?"

Nilikuwa na miaka sita, nimekaa mapajani mwake, nachezea bangili ya shanga ambayo hakuwa akiivua hata akienda kuoga.

"We mtoto una maswali kama polisi," akasema. "Siku utakayoweza kuisoma, niulize tena."

Kuisoma? Bangili inasomwa? Tangu siku hiyo sikumpa nafasi ya kupumua.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mpiga telegramu posta kwa miaka ishirini na mbili. Enzi hizo habari ya haraka ilipita kwenye waya kwa milio mifupi na mirefu, na kila herufi ilikuwa na milio yake. Ndiyo inayoitwa Morse. Mashine zilipoondolewa, wenzake wakasahau. Yeye akaendelea kuiandika milio kwa shanga, mchezo aliouanza tangu akiwa kazini. Nyekundu ndogo ni mlio mfupi, nyeusi ndefu ni mlio mrefu, na nyeupe moja ni kimya kati ya herufi na herufi. Hutungia kwenye sinia la bati alilotandika kitambaa ili shanga zisitoroke, na uzi huupaka nta kwanza.

Kila anayemtungia humwandikia neno bila kumwambia. Mjomba, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, anavaa AMKA mwaka wa nne sasa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ukimpa habari asubuhi basi adhuhuri imeshazunguka mtaa mzima, ana mkufu wa FUNGA MDOMO, na anavyoringa nao!

"Bibi, siku akijua?"

"Akijua si atakuwa ameshajifunza kusoma? Hiyo ni faida."

Bangili yake mwenyewe ndiyo pekee ambayo hakuitunga yeye. Aliitunga Babu, ambaye mimi sikumkuta. Babu alikuwa fundi viatu, akishona kwenye kibaraza cha posta, chini ya dirisha la Bibi, na alikuwa na kigugumizi. "Akianza kukuuliza habari za asubuhi," Bibi husema, "unamjibu za mchana." Tuna picha yake moja ukutani, na humo amefumba mdomo kabisa. Sauti yake haipo popote.

Mwaka jana macho ya Bibi yaliingia ukungu, akawa anasoma shanga kwa kidole gumba. Na uzi wa bangili ulikuwa umechakaa, umebaki kama unywele.

"Nibadilishie uzi," akaniambia, akaivua kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. "Shanga zibaki zilivyo."

Mimi nilikuwa nimeshajifunza Morse, kutoka karatasi aliyoninakilia nyuma ya fomu kuukuu ya posta. Nikaisoma herufi moja moja: NIKUOE. Nikacheka peke yangu kama chizi. Kumbe Babu aliposa kwa shanga! Ila baada ya NI palikuwa na msururu wa nyeupe badala ya moja. Nikajiambia, fundi viatu angejulia wapi? Nikatia nyeupe moja tu, inavyotakiwa, na zilizobaki nikazimwaga kwenye kopo la nyeupe, pamoja na mamia mengine. Nikampelekea Bibi nikiwa kifua mbele.

Akaivaa. Kidole gumba kikapita juu ya shanga, kikasimama. Kikarudi, kikapita tena.

"Ziko wapi?"

"Zipi, Bibi?"

"Nyeupe."

"Nilisahihisha. Zilikuwa zimezidi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliivua, akailaza kwenye sinia, akasema polepole, "Hii sasa inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Zilikuwa ngapi? Tano? Nane? Sikuhesabu! Siku nzima ile mkono wake ulikuwa mtupu.

Kesho yake asubuhi aliniita. "Lete kopo. Wewe hukuhesabu, lakini kidole hiki kimepita hapo miaka arobaini."

Nikafumua, nikatunga NI upya, nikaongeza nyeupe mbili, nikamshikisha uzi.

"Ongeza."

Tatu. Nne.

"Ongeza."

Tano. Kwa haraka yangu shanga moja ikachupa hadi chini ya kabati.

"Taratibu. Usimharakishe."

Sita. Kidole kikapita, kikasita kidogo mwishoni.

"Moja tena."

Nikatia ya saba. Kidole kikapita, na uso wake ukafunguka.

"Hapo."

Nikamalizia KUOE, nikafunga fundo, nikamvalisha. Ndipo nikakumbuka kwamba sasa naweza kuisoma, na kwamba aliniambia nimwulize tena.

"Bibi, mbona hapa Babu ameacha nafasi kubwa hivi?"

"Si ndivyo alivyokuwa anaongea? Mara tatu alikuja dirishani kuniambia kwa mdomo. 'Ni... ni...', foleni imefika barabarani, watu wanaguna. Nikampa karatasi ya milio na shanga, nikamwambia, baba, nenda ukaniandikie. Akaenda akaniandikia, na kigugumizi chake akakitia humo humo. Nikipitisha kidole hapo, mjukuu wangu, namsikia anavyohangaika."