Watu wa Kukaa

Ipo jioni moja, mwanangu, naikumbuka kila nikifunga kamba za viatu. Nilikuwa kijana bado, binti yetu Rehema ndiyo kwanza ameanza chuo cha Kurani. Kazi yangu ilikuwa kuuza viatu vya mitumba sokoni Changamwe: kutwa nimekalia kigoda, nikiwasifia watu viatu vya kutembelea. Nikirudi nyumbani Jomvu Kuu nilikaa tena, barazani, palepale alipokaa baba, na kabla yake babu. Simenti ilishafanya bonde la makalio ya ukoo mzima.

Jioni hiyo mke wangu alitoka amejitanda leso, mkononi ana raba alizozichagua kwenye rundo langu. Saizi yangu.

"Baba Rehema, twende hadi pwani, tukarudi."

"Pwani mbali. Hadi msikitini."

"Haya, msikitini."

Alikubali upesi mno; nikajua nimetaja bei kubwa. "Basi hadi kwa muuza viazi karai."

"Wallahi, mimi si mteja wako!" Akacheka. "Hebu inuka."

"Sisi kwetu ni watu wa kukaa. Damu nzito hii, tumerithi. Nyinyi kwenu ndio miguu inawawasha. Wewe nenda, mimi nalinda baraza."

"Kwani baraza ina miguu? Itakwenda wapi?"

Akaenda peke yake. Nami nikajipongeza: nimeanzia pwani, nimemaliza bila hata hatua moja. Raba nikaziuza kesho yake. Aliendelea kuniuliza kila jioni, kisha mara mojamoja, kisha akaacha. Akawa anapita mbele yangu kwa salamu tu, kama jirani.

Miaka ikaenda. Mama Rehema ametangulia mbele ya haki, Rehema kaolewa Likoni, na mimi nikabaki barazani na bonde langu. Presha ikanipeleka zahanati. Nesi, mtoto wa kumzaa mimi, akaniamuru nitembee. Nikamtolea hoja yangu ileile ya damu.

"Ni kweli, mzee wangu," akasema. "Kupenda kutembea au kupenda kukaa, mtu huzaliwa nako kwa kiasi. Kama urefu."

"Kiasi gani?"

"Si chote."

Jioni hiyo nikainuka, nikaenda hadi kwa muuza viazi.

Mwanangu, damu hutaja bei ya kwanza tu. Mimi, niliyekataa bei ya kwanza ya kila mtu maisha yangu yote, hiyo moja niliilipa bila hata kuguna. Basi usimcheke mwenzio aliye mzito wa kuinuka. Huenda kazaliwa na uzito huo, na kila hatua yake ina kazi zaidi kuliko yako. Na ikiwa mzito ni wewe, anza na hadi kwa muuza viazi, si haba. Lakini akikuita mtu mtembee, inuka. Hakuiti kwa ajili ya miguu tu. Anataka mtu wa kuzungumza naye njiani.

Siku hizi nafika hadi pwani. Simu aliyonipa Rehema huhesabu hatua, nami huhesabu upya, maana mizani ya mtu siiamini. Kwenda nahesabu zangu. Kurudi nahesabu za Mama Rehema.

Mola akujaalie miguu myepesi, na mwenza wa njiani, na akuinue kabla huyo hajachoka kukuita.