Magurudumu ya Bibi Harusi

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na alumini iliyosuguliwa hainitoki puani hadi leo. Ilikaa kwenye nywele zetu, kwenye ugali, hata kwenye daftari langu la hesabu. Mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimesimama, serikali imeanguka, na askari wapya wamejaa mjini. Baba, fundi wa mashine, akaanza kung'arisha magurudumu ya magari mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Kampemba. Mimi, wa miaka tisa, nilikuwa msaidizi wake. Tulianza na msasa uliolowekwa majini, kisha dawa ya kung'arishia iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha kipande cha blanketi la sufu. Kitambaa kikigeuka cheusi tii nilifurahi: alumini imekubali. Kipimo cha baba kilikuwa kimoja tu.

"Unaona meno yako?"

"Naona, Papa."

"Hata pengo?"

Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kivu akatuletea gari la kumpeleka binti yake kanisani siku ya harusi. Tulisugua siku mbili. Magurudumu yakawa vioo. Majirani walikuja kuchania nywele hapo. Ijumaa jioni habari ikatufikia: askari wa kizuizi, kwenye njia ya kanisani, wanachukua kila gari linalong'aa. Baba akayatazama magurudumu, akanitazama mimi.

"Leta matope."

Nililia kwa hasira. Niliyapaka kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikimtukana kimoyomoyo kila mwenye bunduki. Kesho yake baba aliendesha gari, mimi nikakaa nyuma na kidumu cha maji miguuni, kando ya bibi harusi aliyekumbatia shela lake lisiguse kidumu. Kwenye kizuizi askari alilizunguka gari, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hii iko harusi ao mazishi? Gari sawa nguruwe!"

"Shefu, njia iko mubaya," baba akajibu, uso mkavu.

Tukapita. Mbele ya kanisa bibi harusi akakataa kushuka. "Kwanza magurudumu," akaniambia. "Mama mukwe iko anaangalia." Basi nikaosha na kufuta, mchungaji amesimama mlangoni, kwaya inarudia wimbo uleule mara ya tatu, wageni wananipigia makofi. La nne lilipong'aa ndipo akatoa mguu.

Leo kizuizi kile hakipo. Lakini wiki iliyopita jirani alinishauri nisimvike binti yangu koti jipya jekundu kwenda shuleni. "Mama, bantu batamutupia macho. Muvalishe ya zamani." Alisema kwa nia njema, akiogopa macho ya wivu, najua. Damu ilinichemka hata hivyo. Nilipaka matope kazi yangu nzuri kwa sababu watu wazima wenye silaha hawakuwa na haya. Siku ile tulilazimika. Leo nani ananilazimisha? Nilimfunga binti yangu vifungo vyote, mpaka cha shingoni, nikamfungulia mlango, akatoka barabarani anarukaruka.