Makuti Mia Sita ya Bi Loise

Loise hakuwa mtu wa kusifiwa-sifiwa, na mimi si mtu wa kusifu, basi nitasema ilivyokuwa. Alikuwa mpiga pasi wa Bondeni, mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyovimba, na kwa miaka sita alizunguka mji mzima kuwaomba watu wachangie nyumba za wajane wa kanisa letu. Hakulipwa hata pesa moja. Kamatini tulikuwa watano. Wanne tulikaa tukasema, yeye akatembea. Mimi, Dzoro, karani wa forodha, ndiye niliyekuwa katibu, kwa kuwa najua kuandika na sipendi jua.

Mwaka huo wa 1909 alituambia waziwazi kwamba amechoka. "Nimalizie huyu mmoja, kisha mniache nipumzike," alisema. Huyo mmoja alikuwa Mapenzi, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyetolewa kambini na watoto wawili mumewe alipokufa. Walikuwa wakilala katika banda la kuni nyuma ya kanisa, banda ambalo hata mbuzi angelinunia. Tulishamsimamishia kiunzi cha nyumba. Lakini nyumba ya udongo huezekwa kwanza ndipo ikandikwe. Bila paa, mvua huziangusha kuta zote. Na masika yalikuwa karibu.

Loise akaenda Ndia Kuu kwa Abdulghafur, mwuza boriti na makuti. Siku tatu alikwenda kuamkia na kunywa kahawa tu, maana pale mtu hafiki akaanza kuomba. Siku ya nne akarudi na habari njema: mzee atatoa makuti mia sita, nusu sasa, nusu baada ya wiki moja, ila jina lake lisitajwe.

"Popote, Dzoro," aliniambia. "Nimemwahidi."

Nikaitikia. Lakini kanisani kwetu majina ya waliochanga husomwa Jumapili, ili waliofumba mikono waone haya. Tena mimi nimelelewa kwamba mtu akikataa chakula mara ya kwanza, anataka umsihi. Nikadhani na mzee yule anakataa kwa adabu tu, moyoni angependa atajwe. Jumapili nikasoma: Bwana Abdulghafur wa Ndia Kuu, makuti mia sita. Wanawake wakapiga vigelegele. Loise peke yake aliinama, akashika kichwa.

Jumatano tukaenda sote wawili kuomba radhi. Mzee alitupokea vizuri, akatupa kahawa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Tangu juzi kila asubuhi nakuta watu mlangoni, huyu ataka nguo, yule ataka mahari," alisema. "Na barazani wanitania kwamba nimekuwa mzee wa kanisa. Hayo nayastahamili. Lakini nililompa Mngu, nyinyi mumelifanya la watu."

"Kosa ni langu, bwana," nikasema. "Bi Loise hana lawama."

"Najua. Yaliyokwenda yamekwenda, siyarudishi. Yaliyobaki sitoi. Nikiyatoa sasa nitakuwa natoa kwa kuwa naangaliwa, na sadaka ya namna hiyo sina haja nayo."

Loise hakumbembeleza. Alisema, "Umesema haki, kaka," akamaliza kahawa yake. Njiani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilijiona hovyo, na mpaka leo najiona hovyo.

Makuti huanzwa kupangwa chini yakapanda hadi kileleni, kwa hiyo nusu paa ni sawa na kukosa paa. Wiki mbili Loise alizunguka na miguu yake ile kutafuta mia tatu yaliyobaki, mpaka Liwatoni. Nami nilitoka na mshahara wangu mfukoni, safari hii juani. Lakini kila mtu alikuwa akiezeka kabla ya mvua, makuti yamekuwa adimu. Kwa pamoja tulipata tisini.

Alhamisi moja alasiri mvua ikamwagika. Banda la kuni likajaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilipofika na mwavuli nilimkuta Loise ameshambeba mtoto mdogo mgongoni, na Mapenzi amebeba mkubwa na sufuria yao, wanakwenda Bondeni. Loise alikuwa na chumba kimoja, na ndani yake kitanda kimoja. Akawapa kitanda.

Mwezi wa Juni kasisi aliitisha kamati, akataka taarifa ya kuwapelekea wakubwa wake. Akauliza mwaka huu ni wajane wangapi waliopata mahali pa kukaa. Nikangoja mtu aseme. Kisha nikamhesabu Mapenzi, kwa kile kitanda cha Loise, nikaandika: mmoja. Nilitamani Loise anikatalie, lakini alikuwa amesinzia kitini. Miezi miwili alikuwa akilala juu ya jamvi. Sikumwamsha.