Gunia la Mwaka Mzima

Krr, krr, krr: sauti hiyo ilitoka pembeni mwa chumba changu Ujiji, lilipokuwa gunia la mahindi lililopaswa kunilisha mwaka mzima. Nikiwa msomi wa shahada ya uzamili, nilichunguza kwanza dari, kisha akili yangu. Hatimaye nikafungua gunia. Dumuzi walikuwa wakitekeleza bajeti yangu bila kusubiri idhini.

Mama alinipa mahindi hayo kule Simbo, pamoja na majivu ya kuchanganyia ili wadudu wasiyatoboe. Majivu niliyaacha kwake kwa heshima, nikimweleza kwamba sikuyaona katika rejea yoyote.

Nilianika uani yaliyosalia, nikampigia simu.

“Shikamoo, mama. Yale majivu bado yapo?”

“Marahaba, msomi. Dumuzi wamefika ukurasa wa ngapi?”