Wembe Haunolewi Kama Panga

Mwanangu, mpaka leo nikiona damu kwenye shavu la mtu mwili hunisisimka, nami narudi asubuhi moja mjini Kitui, miaka ya sabini ikianza, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye mikono yenye nguvu na masikio mazito.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kalamba kujifunza unyozi kwa Mzee Athumani. Baba yake alitoka Pwani zamani, lakini yeye alizaliwa papo hapo Kitui, na Kikamba alikijua kunishinda, hasa cha kutania watu. Alinipa wembe wa kukunja, ule unaolala ndani ya mpini wake, akaniambia, "Mutua, mwezi wa kwanza utaufuta na kuukausha tu. Kunoa nitakufundisha nikiona mkono umetulia."

Kufuta tu! Mimi ambaye kule kwetu vijana wenzangu waliniletea mapanga yao kabla ya kufyeka shamba? Kunoa nilikujua: mwagia maji jiwe la mtoni, inua panga kidogo, kandamiza, sugua mpaka liimbe. Ukipitisha kidole gumba ukasikia makali yanakwaruza, kazi imekwisha. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini nani huwasikiliza wazee akiwa na umri ule? Basi nikatafuta jiwe, nikaunoa wembe wangu kwa siri. Ulikwaruza kidole vizuri sana.

Siku hiyo tuliitwa nyumbani kwa Mama Zuhura, aliyeuza vitambaa karibu na msikiti. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa ametimiza siku saba, na kwao Waislamu hiyo ndiyo siku ya kumnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Mama yake alimpakata, kichwa kimeshalowanishwa maji ya uvuguvugu. Mzee akanyoosha mkono nimpe wembe wake. Nikampa wangu.

"Tumia huu leo, Mzee. Nimeunoa mwenyewe."

Akaufungua, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda.

"Umenolea nini?"

"Jiwe la mtoni. Unakata kama moto! Jaribu uone."

Mama Zuhura akacheka. "Athumani, huyu kijana wako ana maneno kushinda redio."

"Basi tuanze na mzee," Athumani akasema. "Mtoto hana haraka."

Akapaka sabuni shavu lake la kushoto, akavuta wembe mara moja tu. Niliusikia ukikwama. Povu jeupe likawa jekundu, damu ikateremka mpaka kwenye ukosi wa kanzu. Mama wa mtoto akapiga yowe, akafunika kichwa cha mwanawe kwa viganja vyote viwili, akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

Mzee hakufoka. Alibana kidonda kwa kipande cha shabu, ile dawa nyeupe ya vinyozi ya kukausha damu, kisha akaniita karibu.

"Hili ni shavu la miaka sitini, Mutua, gumu kama kiatu. Sasa tazama pale."

Mama akaondoa viganja polepole. Nikaona utosi wa yule mtoto ukipanda na kushuka, laini, hakuna mfupa chini yake. Mwanangu, nilitoka nje nikatapika.

Baadaye nilielewa kwamba pale dirishani tayari alikuwa ameyaona makali yangu yalivyojaa meno. Angeweza kuuweka kando akanitukana, nami ningebisha. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Alinawa mikono, akachukua wembe wake, akamnyoa mtoto, na mtoto hata hakuamka.

Tulipofika dukani alitoa kinoo, jiwe laini kama kioo. Sikia vizuri, huenda siku moja ukashika wembe. Laza chuma kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Usiinue. Sukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza, kama unakusanya unga uliomwagika mezani. Ukifika mwisho, ugeuze kwa mgongo, urudi. Kwenye mkanda wa ngozi, wa kulainishia makali baada ya jiwe, mambo hugeuka: mgongo hutangulia, makali hufuata. Ukisahau utaukata mkanda, na usihuzunike, mimi niliukata mara mbili. Usipime kwa kidole. Pima kwa nywele za mkono wako. Zikianguka bila kuvutwa, umefika. Kisha ukaushe, upake tone la mafuta.

Sasa, Mzee alikuwa amenyoa shavu lile moja nusu, akamalizia upande ule kidonda kilipofunga. La kulia hakuligusa. Siku tisa alitembea Kitui hivyo, ndevu upande mmoja. Sokoni walimpigia kelele, "Athumani, wembe uliishia njiani?"

"Namngoja fundi wangu," alijibu.

Siku ya tisa akaketi kwenye kiti cha wateja, akanigeuzia lile shavu la kulia.

"Mzee, hapana," nikasema.

"Asubuhi ulijinyoa mkono. Wembe ulivuta nywele?"

"Haukuvuta."

"Basi." Akafumba macho.

Nilishtuka kuliko siku ya damu. Mkono ulitetemeka, ukatetemeka, halafu nikaona kope zake hazichezi hata kidogo, nao ukatulia. Nilipomaliza alipapasa shavu, akasema, "Sasa naweza kwenda nyumbani. Mke wangu amechoka kunicheka."

Kwa hiyo, mwanangu, ujuzi wa kazi moja si ruhusa ya kuingia nyingine bila hodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujamgusa mtu, jaribu kwa ngozi yako. Na ukikosea, usikimbie. Kaa na mwalimu wako mpaka akurudishie wembe mkononi. Ukiwa mwalimu, urudishe.

Mungu akutulize mkono. Akupe wa kukukosoa bila kukuvunja. Na siku mtu atakapofumba macho mbele yako, ayafumbue akitabasamu.