Mtu Niliyemkata Begani

Usiponisadiki, njoo Junda uhesabu vidole vya mkono wangu wa kushoto. Ni vinne. Watu husema nilijikata kwa uzembe wangu kazini, nami nawaacha waseme. Lakini wewe nitakwambia ilivyokuwa, na haki ya Mungu siongezi chumvi.

Nina kijistudio, mtaani wananiita Mama Picha. Mwaka juzi Mama Sidi wa Frere Town alinipa kazi kwenye matanga ya mumewe: ukoo mzima utokee katika picha moja. Nilipiga vipande thelathini, nikaviunga kwa kompyuta, ikawa picha moja ndefu. Faili lilikuwa zito, sijapata kuona! Programu ninayopangia picha ilitengeneza kijipicha chake, ukubwa wa stempu, lakini ilikataa kabisa kuifungua picha yenyewe, ati ni pana mno.

Dawa yake naijua. Picha ya asili unaiweka kando, unafanyia kazi nakala iliyopunguzwa. Lakini nilikuwa na haraka, na mimi nikishapandwa na hasira sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ukingoni mwa picha alikuwapo mwanamume wa shuka nyeupe, amesimama mbali kidogo na wenzake. Nikaukata ukingo kwa programu nyingine ili upana upungue. Mstari ulipita begani pake, mkono mzima ukaondoka. Nikahifadhi iliyokatwa, na ile ya asili nikaifuta ili diski ipate nafasi.

Siku ya pili, saa saba mchana, nikasikia naitwa nje. "Mama Picha!"

Bibi yangu alinifunza kwamba jua likiwa kali vile, ukiitwa na usiyemwona, unyamaze. Lakini nani hukumbuka ya bibi akiwa na njaa? "Abee!" nikaitika.

Akaingia kiubavu, amejitanda shuka nyeupe.

"Shikamoo," nikamwambia. Akageuka. Upande wa pili, kuanzia begani, hapakuwa na kitu. Alikuwa amekatika wima kama mkate.

"Nipe mkono wangu," akasema.

Nilipiga ukelele. Akanikaba koo kwa mkono uliobaki, akanibamiza kichwa mezani mara moja, mara ya pili, mpaka damu ikaniingia machoni. Nikamng'ata kiganja, nilihisi ladha ya karatasi. Akaniburuta kwa nywele hadi kwenye ubao wa kukatia picha, ule wenye kisu kirefu cha mpini, akaulaza mkono wangu wa kushoto chini ya kisu na kuukandamiza kwa goti.

"Nitakurudishia, baba! Nitakurudishia!"

Kompyuta ilikuwa pale pale. Kwa mkono wa kulia nikafungua pipa la taka. Tupu! Faili likizidi ukubwa haliingii pipani, linafutika moja kwa moja. Nilijua hilo tangu nianze kazi hii. Mbona sikulikumbuka jana yake? Kisu kikashuka mpaka kikanigusa ngozi chini ya kiwiko.

Ndipo nikakumbuka kijipicha. Nikakitafuta huku nalia, nikakipata. Alikuwa pale, mdogo kama punje ya mchele, mikono yake yote miwili.

Akakitazama kwa muda mrefu. Niamini, machozi yalimtoka.

"Ndiye mimi," akasema. "Lakini umeniacha mdogo."

"Nisamehe, baba."

"Basi nami nitachukua kidogo."

Akauvuta mkono wangu, kikabaki kidole cha mwisho tu chini ya kisu. Kisha akaushusha mpini.

Nilipozinduka, jirani yangu alikuwa amenifunga kanga kiganjani. Kidole tulikitafuta hadi chini ya kabati, hatukukiona. Mama Sidi alipokuja kunijulia hali hospitalini, nilimweleza yote, na nilipotoka nikamwonyesha kile kijipicha. Akaketi sakafuni.

"Huyu ni shemeji yangu, Karisa," akasema. "Alikatwa mkono kwa panga katika ugomvi wa shamba, akafa kabla ya mume wangu. Mkono haukuonekana. Tulimzika bila huo mkono."

Siku ya kupiga picha hakuna aliyemwona. Alikuja mwenyewe kusimama na ndugu zake akiwa mzima, nami nikapitisha mstari pale pale lilipopita panga. Hilo linaniumiza kuliko kidole.

Tangu siku hiyo saa saba mchana siitiki mtu, hata awe mama yangu. Na wewe unayepanga picha, usifute ya asili kwa sababu ya uzito wake, na kabla hujakata ukingo, uliza aliyesimama pale ni nani. Mimi kijipicha ninacho kimoja tu. Nimekinakili mara nyingi, na kila nakala inamtoa bila mkono. Na wiki hii ile diski iliyokihifadhi imeanza kukwaruza kama inayotaka kufa.