Kurasa Zilizofungwa

Kwa miaka minne nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya kujaza fomu za forodha, hatua chache kutoka daraja la Rusizi II, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Kwenye kompyuta tulikuwa wawili: mimi, na mama mmoja aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Alikulia Bukavu, akarudi Rwanda na watoto wake. Mimi na shefu, bosi wetu, tulimwita Maman tu, naye mimi aliniita Papa.

Kutwa tulikuwa kwenye intaneti tukitafuta nambari ya kila bidhaa, ushuru wake, masharti ya kuivusha. Maman ndiye aliyenielekeza nilipoanza, na hakunificha kitu. Lakini kifundo cha mkono wake wa kulia kilimuuma, na kusukuma kipanya mezani tangu asubuhi kulimtesa. Jioni alikuwa akikifunga kwa kitambaa.

Mimi kipanya nilikigusa kwa nadra, mikono ikikaa kwenye kibodi. Nilibonyeza Ctrl na T, ukurasa mpya ukafunguka. Ctrl na F, na neno nililolitafuta likajitokeza katikati ya maandishi marefu. Shefu akisimama nyuma yangu, nilizidisha mbio.

"Papa, unafanyaka je?" Maman aliniuliza siku moja. "Mikono yako haitoke ku klavye."

"Ni mazoea tu, Maman."

Haikuwa kweli. Jirani yangu alinifundisha kwa dakika kumi, tena bila kuombwa. Ila nilijiambia: mama huyu anaijua kazi kuliko mimi, akipata na mbio, mimi nitabaki na nini?

Kisha likaja lori la vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, likielekea Bugarama. Kila kipuri kilikuwa na nambari yake. Tangu asubuhi Maman alikuwa amefungua ukurasa baada ya ukurasa, zikajipanga juu ya skrini. Mnamo saa tisa alasiri kipanya kilimteleza, akabofya ile alama ya kufunga iliyo pembeni. Zote zikapotea.

"Yesu wangu! Papa, byote bimeenda! Habiwezi kurudi?"

Ctrl, Shift na T. Hivyo tu, na zingerudi zote. Niliendelea kutazama skrini yangu.

"Zimeenda hizo, Maman. Anza upya."

Akaanza upya. Dereva aliingia mara mbili kuuliza, mara ya tatu akabaki amesimama mlangoni. Fomu ilipokamilika, mpaka ulikuwa umeshafungwa kwa malori. Kesho yake shefu alimgombeza mbele ya wateja, nami nikajifanya nasoma karatasi. Mwezi ulipoisha aliambiwa kwamba amepatikana mtu mwepesi zaidi.

Alikunja sweta yake, akaitia kwenye mfuko, akanipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa.

"Ubaki muzuri, Papa. Wewe ulinivumiliaka."

Nilimwitikia kwa kichwa.

Mwaka jana nilimkuta Bugarama, anauza mchele karibu na mashine za kukoboa. Alifurahi kuniona, akanivutia kigoda. Nilikaa, nikamweleza yote: vile vitufe, lile lori, uongo wangu. Aliendelea kuchambua mawe kwenye ungo, ila polepole zaidi.

"Kumbe bilikuwa pale tu?"

"Ndiyo, Maman."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Alitupa jiwe moja chini. "Mimi nilikuonyeshaka kila kitu, Papa."

Nilimwambia naweza kuja Jumapili na kompyuta yangu, nimfundishe. Hata mimi nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi. Alisema Jumapili ana kanisa, na kompyuta aliachana nayo.

Mteja akaja, Maman akamgeukia. Nilisimama kidogo nikingoja anisemeshe tena. Alikuwa akipima mchele, amenipa mgongo. Nikaenda kutafuta gari la kunirudisha.